Ng'ombe wawili watapasua tabaka gumu?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu, mi nalima mahindi na mbaazi huku Karatu, kila mwaka trekta linapita na plau ya diski kina kilekile, sasa mvua ikinyesha maji yanatuama halafu yanakimbia na udongo, jua likiwaka wiki moja tu mahindi yananyauka. Nina ng'ombe wawili na plau lao, nikodi sabsoila ya trekta, lile jino refu la kupasua udongo wa chini, au?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kabla hujatoa hela chimba shimo la kufika magotini, choma ukuta wake na kisu kuanzia juu ukishuka, pale kinapogoma ndo penye tabaka gumu lililoshindiliwa na plau kupita kina kilekile, na mizizi utaiona imepinda pembeni kama imegonga sakafu. Likiwa sentimita 15 hadi 20 hivi, toa jembe la plau ufunge ripa ya Magoye, jino la kupasua udongo bila kuugeuza, kwenye boriti hilohilo, hii asili yake Zambia na ni ya ng'ombe kabisa, pasua mistari kila sentimita 75 ndo humohumo utapanda, pita mara mbili kama haizami. Likiwa chini zaidi kodi trekta, ila la hospawa 50 usikubali sabsoila ya meno matatu, moja linatosha, ncha ishuke kidogo chini ya tabaka. Na upasue kukiwa kukavu jamani, udongo ukiwa na maji jino linateleza tu, hakuna kinachovunjika! Mbaazi endelea nazo, mizizi yake inashuka kwenye nyufa hizo. Ile diski achana nayo, ukiirudisha tabaka nalo linarudi.