Leaf ya mtumba itanifikisha Voi?

Swali: Nimepata gari la umeme, Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya 40 kWh, tangazo linasema inaenda kilomita 400. Nairobi hadi Voi bila kuchaji itafika? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Haifiki, usijaribu. Hiyo 400 ni vipimo vya Kijapani vya mwendo wa polepole, Marekani walipima hiyohiyo ikiwa mpya wakapata kama 243 na ukikanyaga 100 Mombasa Road na AC imewaka inashuka zaidi. Kabla hujalipa hesabu vile vimistari vya afya ya betri kwenye dashibodi, vikiwa pungufu ya 12 ujue betri imechoka. Chaja ya haraka lazima iwe na waya wa CHAdeMO (aina ya plagi inayoingia kwenye Leaf), na ukichaji haraka mara kwa mara safarini betri inapata moto kwa sababu haipozwi na maji, ndio unaona chaji inaingia polepole. Kwa mizunguko ya mjini, unachaji usiku nyumbani, ichukue tu.