Re: Kama Kaizari Friedrich III angeishi, Ujerumani ingekuwaje?

Mkuu, umeuliza kama Friedrich III angetawala miaka 20 badala ya siku 99, Ujerumani ingekuwa na demokrasia kama ya Uingereza. Mimi naona ingesogea, lakini polepole kuliko wengi wanavyodhani.

Kumbuka alipopokea taji Machi 1888 saratani ya koo ilikuwa imeshamnyang'anya sauti. Amri alizitoa kwa vikaratasi. Hata hivyo, wiki moja kabla ya kufa alimng'oa Puttkamer, waziri wa mambo ya ndani wa Prussia (jimbo kubwa kuliko yote Ujerumani), mhafidhina wa kutupwa. Hilo ndilo linaloniuma kila nikisoma habari zake: mgonjwa mahututi alithubutu hivyo, je, angekuwa mzima?

Tatizo ni Bismarck, kansela wake, yaani mkuu wa serikali. Chini ya katiba ya 1871 kansela aliwajibika kwa kaizari, si kwa bunge. Kubadili kifungu hicho kungehitaji kupita kwa wakuu wa majimbo, na Prussia yenyewe ilichagua wabunge kwa mfumo wa matabaka 3 uliowapendelea matajiri. Halafu Friedrich hakuwa mpole wa vita. Aliongoza majeshi 1866 na 1870.

Ninachokiamini kwa dhati ni kuhusu bahari. Mkewe Victoria alikuwa binti wa malkia wa Uingereza, na sioni wawili hao wakianzisha mashindano ya manowari aliyoyashabikia mwanao Wilhelm II. Bila mashindano hayo, London ingekosa sababu kubwa ya kuisogelea Paris.