Masikio na Muziki wa Matatu: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa matatu za Nairobi: kondakta, abiria, fundi wa redio za magari na mzazi.

Mimi ni kondakta njia ya Rongai. Nikifika nyumbani usiku masikio yanalia "nziii" na watu nawasikia kama wako mbali. Asubuhi yamepoa. Si ni uchovu tu?

Ni zaidi ya uchovu. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Zikipigwa na kelele kutwa zinalemewa, na mlio huo ndio malalamiko yake. Nyingi huinuka baada ya mapumziko. Zinazokufa hazioti tena, kwa hiyo kupoa asubuhi si ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika.

Usikivu huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, za hezi (mitikisiko kwa sekunde) 3,000 hadi 6,000, na huko ndiko ziliko herufi kama s, f na t. Besi utaendelea kuisikia vizuri, ila abiria akikwambia "sitini" wewe utasikia "tisini". Hiyo dalili isikupite.

Nenda kliniki ya masikio, pua na koo ukaombe kipimo cha usikivu, na usisitize wapime hezi 3,000, 4,000 na 6,000. Nenda asubuhi ya siku usiyofanya kazi, ukiwa umekaa mbali na kelele kwa saa 14 angalau, la sivyo watapima kelele za jana. Tunza karatasi ya majibu ulinganishe na ya mwaka unaofuata.

Napanda matatu yenye muziki mkubwa, dakika 45 kwenda na 45 kurudi. Nina hatari?

Inategemea sauti ni kali kiasi gani na unakaa nayo muda gani. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Wewe una saa moja na nusu, kwa hiyo kwenye 91 umo ndani, kwenye 94 umepita.

Programu ya simu ya kupima sauti itakupa makadirio. Shika simu usawa wa sikio, usizibe maiki, na usome wastani wa dakika kadhaa, usifuate namba inayorukaruka. Kama huna programu, ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hesabu kwamba umefika 85 au zaidi.

Sasa mfikirie kondakta wa gari hilohilo. Akikaa humo saa 16, kikomo chake kinashuka hadi desibeli 82. Ukiomba sauti ipunguzwe, anayeokolewa zaidi ni yeye na dereva.

Mimi ni fundi. Mwenye gari anataka mziki mnene. Nifungeje bila kuua masikio ya watu?

Swali zuri kuliko yote, maana madhara mengi yanaanzia kwenye mkono wa fundi. Anza na geini ya amplifaya, yaani kitufe cha kuamua amplifaya ikuze sauti kiasi gani, ambacho wengi hukizungusha mpaka mwisho. Chomoa nyaya za spika, weka ekwalaiza katikati, zima kiongeza besi, shusha geini hadi chini. Redio iweke robo tatu ya sauti yake, kisha piga mlio wa majaribio wa hezi 50 ukiwa umeweka mita ya kupimia umeme kwenye volti za AC, kwenye vituo vya amplifaya vinavyokwenda kwenye spika. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili: wati 400 kwa omu 4 ni volti 40. Panda geini taratibu, mita isizidi volti hizo. Ukivuka hapo mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakwaruza na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua.

Ukiishia volti 20 badala ya 40, umeshusha desibeli 6, na muda salama wa kukaa na sauti hiyo umekuwa mara nne. Sabufa bado itasikika kifuani.

Lakini sabufa si adui mkubwa wa sikio. Programu nyingi hupima kwa mizani ya A inayofuata sikio la mtu, na mizani hiyo hupunguza mlio wa hezi 50 kwa desibeli 30 hivi. Kinachoumiza upesi ni spika za sauti za kati na twita. Zipime na kuziwekea kikomo peke yake, na usifunge hata moja juu ya mlango anaposimama kondakta au nyuma ya kichwa cha dereva. Tumia spika ndogo nyingi zenye sauti ya chini kuliko mbili zinazopiga kelele.

Pamba inasaidia?

Kidogo sana. Nunua vizibo vya sponji: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 30 kifure. Kwenye pakiti namba ya NRR (kiwango cha kupunguza kelele) ikiwa 29, toa 7, gawa kwa 2: tegemea desibeli 11. Dereva asivae bila ushauri wa daktari, maana anahitaji kusikia honi na king'ora.

Mtoto wangu hupenda kukaa nyuma karibu na spika. Ni sawa?

Msogeze. Shirika la Afya Duniani, kwa muziki wa kusikiliza kwenye vifaa, linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki.

Kuna matone au mafuta ya kurudisha usikivu?

Hakuna. Mafuta hulainisha nta, hayafiki kwenye chembe zile. Ila usikivu ukipotea ghafla, hasa sikio moja na ndani ya siku tatu, fika hospitali siku hiyohiyo. Kuna matibabu ya steroidi (dawa za kupunguza uvimbe), na hufaa zaidi yakianza ndani ya wiki mbili za kwanza.