Kabla ya kuzungumzia hewa ukaa, soma mita ya tanuru

Juma lililopita kijana anayesomea uhandisi wa madini Dar es Salaam aliniuliza ajiandae vipi ili aje kupunguza hewa ukaa katika viwanda vya kuyeyusha kromu. Amekwisha kusoma mengi kuhusu masoko ya kaboni na upandaji miti. Namjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mna kiu hiyohiyo: mdogo wangu, anza na umeme.

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha ferokromu, yaani aloi ya chuma na kromu inayotumika kutengenezea chuma kisichoshika kutu, kwenye ukanda wa Bushveld, Afrika Kusini. Tanuru huyeyusha madini kwa joto linalozidi nyuzi 1,600 za Selsiasi, na tani moja ya ferokromu katika tanuru la kawaida hula takriban kilowati-saa (kWh) 3,300 hadi 4,000. Umeme wa huko hutokana zaidi na makaa ya mawe, na kila kWh hubeba karibu kilo moja ya hewa ukaa, kwa hiyo kila tani ya ferokromu huanza na deni la tani tatu na zaidi za hewa ukaa kabla ya kuhesabu koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa. Koki nayo haikwepeki kirahisi, kwa kuwa kaboni yake ndiyo inayoondoa oksijeni kwenye kromaiti, madini yenye kromu. Hata umeme ungekuwa wa maji mtupu, gesi ya kaboni ingeendelea kutoka.

Madini yetu yalilundikwa nje, na masika yalipofika yaliingia tanuruni yakiwa yamelowa. Kuivukiza tani moja ya maji kunahitaji takriban kWh 700, na hasara haiishii hapo. Katika tanuru lililofungwa, mvuke ukikutana na koki yenye moto hutoa haidrojeni. Kipimo cha haidrojeni kikipanda, opereta hana budi kushuku kwamba maji ya kupoozea yanavuja ndani, naye hupunguza mzigo wa umeme mpaka ajiridhishe. Nimesimama chumba cha udhibiti usiku kucha nikitazama megawati zikishuka, huku kaboni monoksidi iliyotoka tanuruni humohumo ikiteketezwa bure juu ya bomba.

Niliandika pendekezo: madini yaezekwe, na gesi ile itumike kuyakausha. Mkubwa wangu aliniambia nishughulike na zamu yangu. Baadaye pendekezo hilohilo lilisomwa kwenye mkutano bila jina langu, paa likajengwa, na masika yaliyofuata umeme kwa kila tani ulishuka. Nafurahia matokeo yale, na bado yananiuma.

Wala halikuwa wazo geni. Huko Tornio, Finland, gesi ya matanuru hutumika kupasha madini moto kabla hayajaingia, na ferokromu hupelekwa ikiwa bado imeyeyuka kwenye kiwanda jirani cha chuma kisichoshika kutu, hivyo hailazimu kuiyeyusha upya. Afrika Kusini, tangu mgao wa umeme wa 2008 na bei zilizopanda baada yake, matanuru mengi yamezimwa, na kufikia 2012 China ilikuwa imeipita kwa uzalishaji. Kodi ya kaboni ilianza huko Afrika Kusini Juni 2019. Anayeona umeme ni suala la wahasibu na hewa ukaa ni suala la wanamazingira hajaijua kazi hii, na asipewe tanuru.

Basi ukiajiriwa, omba kumbukumbu za zamu. Gawanya umeme kwa tani za kromu iliyomo ndani ya ferokromu badala ya tani za ferokromu yenyewe, maana kiwango cha kromu hubadilika, kisha linganisha hesabu hiyo na unyevu wa madini siku kwa siku. Uliza gesi inakwenda wapi. Ripoti yako iandike jina na tarehe kila ukurasa, na uitume kwa zaidi ya mtu mmoja.