Tunajaza Tangamano, kura zinabaki vijijini

Mkuu, umeuliza kwa nini upinzani huku Tanzania Bara unashindwa urais kila mara tangu 1995, na kama dawa ni kutafuta mgombea mkubwa zaidi. Nimesimama wakala wa chama kimoja cha upinzani hapa Tanga, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Uwanja hauko sawa, hilo silipunguzi hata kidogo. Katiba, ibara ya 41(7), inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Napinga yote hayo. Ila kuna kidonda kingine tunakitonesha wenyewe.

Mgombea mkubwa tumeshampata mara mbili, wote kutoka CCM, chama tawala. Augustino Mrema 1995, kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, alikaribia asilimia 28, Edward Lowassa 2015, kwa tiketi ya Chadema, karibu 40. Mrema alipohama chama hicho, kura zikaondoka naye. Lowassa naye akarudi CCM 2019. Zilikuwa kura za mtu, chama hakikubaki na kitu.

Mwaka ule wa 2015 uwanja wa mikutano wa Tangamano, Tanga mjini, palikuwa hapakanyagiki, na ubunge wa Tanga Mjini chama cha upinzani cha CUF wakauchukua. Mimi nilipangiwa kituo cha kijijini, Muheza. Nilikwenda na barua ya utambulisho na kiapo changu, basi. Sina nauli ya kurudi, sina namba ya mtu wa kumpelekea matokeo. Wakala wa CCM saa mbili aliletewa uji na maandazi, mchana wali. Chakula si hoja. Hoja ni kwamba wenzetu walikuwa na mtu hapo hapo kijijini anayejua kijana wao yuko kituoni tangu alfajiri. Usiku tukahesabu, nikasaini fomu ya urais, nikapewa nakala. Ilikaa mfukoni mwangu siku tatu, hakuna aliyeiulizia. Sasa tukisema tumeibiwa, tunathibitisha kwa karatasi ipi?

Bibi aliyenipa pa kulala aliniambia asubuhi, bila kunificha: "Mwanangu, nyie mwaja na vuli, ikikatika hatuwaoni. Mzee wangu alipofariki, aliyepita nyumba kwa nyumba kuchangisha sanda ni balozi."

Balozi wa shina, yaani kiongozi wa CCM wa nyumba chache za jirani, ni mtu wa chama, wote twajua. Lakini msibani yupo, ugomvi wa mpaka wa shamba anausuluhisha yeye. Huyo humshindi kwa helikopta ya miezi miwili.

Na tunapogombana huko juu, tawi la kijijini ndilo linalokufa kwanza. CUF ilipasuka baada ya mwenyekiti wake, Lipumba, kujiuzulu 2015 na kurudi 2016. Katibu mkuu wake, Maalim Seif, akaenda chama kingine, ACT-Wazalendo, 2019. Mwaka 2020 Lipumba hakufika hata asilimia moja ya kura za urais.

Kijiji kile tulikuwa na mlingoti mmoja wa bendera, chini ya mwembe. Nilipita tena 2020. Umefungwa kamba ya kuanikia nguo, na mwenyekiti wa tawi alishahamia Segera, anauza machungwa.