Dawa ya uvimbe: kwa mnaoanza maabara

Wadogo zangu mnaopima kwa panya kama dawa za miti shamba zinatibu saratani, kabla hamjamgusa panya, rudini kwa mganga aliyewapa dawa mkamuulize tena. Mwaka wangu wa kwanza nilirudi Tabora mjini kutoka Sikonge na gunia la mizizi, daftarini nimeandika "dawa ya uvimbe". Nilipomtajia mzee saratani alinishangaa: "Mwanangu, mimi natibu majipu." Kwetu jipu ni uvimbe, mtoki ni uvimbe, hata busha. Muulizeni: ulikuwa mgumu? Ulitoa usaha? Ulichukua muda gani kukua? Na dawa anaitengenezaje? Akichemsha kwa maji, anzeni na maji. Mkiloweka kwenye ethanoli (pombe) mtatoa vitu vingine, na dawa yake mtakuwa hamjaipima.

Kosa lililoniuma zaidi ni la mizani. Panya mweupe ana gramu 20 hadi 30 tu. Uvimbe wa panya wetu ulisinyaa, nikashangilia wiki nzima. Mtunza wanyama ndiye aliyemweka mmoja kiganjani mwangu: "Dada, huyu amebaki manyoya." Walikuwa hawali! Panya mwenye njaa, uvimbe wake hukua polepole hata bila dawa. Tangu hapo napima uzito kila asubuhi, wa waliopewa dawa na wasiopewa. Waliopewa wakikonda peke yao, sisemi neno kuhusu uvimbe.

Mkipandikiza seli za saratani tumboni, msichome dawa humo humo. Hapo mmeziloweka tu, kama kwenye bakuli, na magome ya miombo yenye tanini nyingi, ile kemikali ya ukakasi inayodhuru seli inapozigusa, yatawadanganya upesi.

Ila panya akifa, msimtupe kabla ya kumchunguza. Kanada, miaka ya 1950, watafiti Robert Noble na Charles Beer walishughulikia mmea wa Madagaska uliosifika kwa kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Walipochomwa sindano ya dawa hiyo, panya walikufa kwa maambukizi. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimepungua mno. Kinachozuia chembe hizo kuongezeka huenda kikazuia na seli za saratani; kwa kuifuata dalili hiyo wakaipata vinblastini, ambayo hadi leo inatibu saratani ya tezi za limfu.

Majibu yakitoka, mazuri au mabaya, mpelekeeni mzee mwenyewe. Mimi nilichelewa miaka miwili, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Wale panya, walipona?"