Tairi gani inaingia kwenye gari yako? Maswali yenu ya saizi

Wiki hii meseji karibu zote ni za tairi, nadhani ni kwa sababu mvua zimeanza na magari yanateleza, basi nimezikusanya nizijibu hapa kwa mpigo. Nimeuza na kufunga tairi miaka mingi hapa Dar na kinachoniuma ni kimoja, watu wanasoma namba tatu za mwanzo halafu zile za mwisho wanaziacha, wakati hizo za mwisho ndo zinabeba watu.

Swali (Ubungo): Habari kaka, tairi yangu imeandikwa 195/65R15 91H. Fundi kasema niangalie R15 tu, eti maana yake rimu kumi na tano, hizo nyingine ni mambo ya kampuni. Ni kweli?

Jibu: Si kweli ndugu yangu. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 sio milimita, na hapa ndo wengi wanapotea, ni asilimia, yaani ubavu wa tairi umesimama asilimia 65 ya ule upana, ukipiga hesabu unapata kama milimita 127. Ndo maana 65 kwenye tairi ya 195 na 65 kwenye tairi ya 205 hazilingani urefu japo namba ni ileile. R sio rimu, ni redieli, ni namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo huu hadi ule, Michelin ndo waliisajili mwaka 1946 na leo gari ndogo karibu zote zinatembelea hizo. Rimu ni ile 15, kwa inchi. Sasa njoo kwenye 91, hiyo sio kilo, ni namba ya kuangalia kwenye jedwali, na 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja. H ni spidi ya mwisho ambayo tairi inaweza kuvumilia, kilomita 210 kwa saa, T ni 190, S ni 180.

Swali (Mbagala): Shikamoo. Nimeagiza gari Japani, imekuja na tairi zenye kashata (yale meno ya juu) nzuri kabisa. Nitajuaje kama hiyo ndo saizi yake, na mbona zinaisha haraka hivi?

Jibu: Marahaba dada. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo pale mlango unapofungia, kuna stika. Maneno yatakuwa ya Kijapani lakini namba utazisoma vizuri tu, utaona kitu kama 185/65R15 88S, na pembeni upepo umeandikwa 220 au 230. Hizo ni kPa sio psi za mashine ya upepo, kwa hiyo gawanya kwa 6.9, 220 inakuja kama 32. Iamini stika kuliko tairi uliyoikuta, maana mwenye gari wa kwanza anaweza kuwa alibadilisha.

Kuhusu kuisha haraka, chuchumaa uangalie ubavuni kama imeandikwa STUDLESS au kuna kipicha cha mlima wenye chembe ya theluji ndani. Ukikiona basi huenda umetembelea tairi za baridi, raba yake imetengenezwa laini makusudi ili ishike kwenye barafu, ukiileta kwenye lami ya Dar saa nane mchana inalika kama raba ya shule, na gari inachelewa kusimama ukikanyaga breki. Badilisha dada, hata kama kashata bado zipo.

Swali (Arusha): Noah yangu stika inasema 195/65R15. Barabara ya kwetu mbovu, nataka nifunge 205/65R15 gari inyanyuke kidogo. Kuna shida?

Jibu: Tupige hesabu. 195/65R15 ikisimama ina kimo cha milimita 634.5, hiyo 205/65R15 ni 647.5. Imezidi milimita 13, lakini ardhi iko chini ya tairi na rimu iko katikati, kwa hiyo gari inapanda nusu yake tu, 6.5, hata kidole kimoja haifiki. Spidomita nayo inaanza kukudanganya, ikisoma 100 wewe uko kama 102. Hiyo ni asilimia 2, na sisi mafundi tunakubali kwenda hadi asilimia 3, kwa hiyo inafungika.

Lakini kuna jambo moja. Kuna Noah ililetwa kwangu inalia kila ikikata kona, mwenyewe akaapa kwamba tairi alizijaribu kabla hajalipa na hazigusi popote. Nikaingiza mkono ndani ya fenda, nikakuta plastiki imekwanguliwa mpaka imekuwa nyororo kama kioo, mahali pa upana wa vidole viwili. Alijaribu gari ikiwa tupu! Ikijaa watu inashuka, tairi inaenda kukutana na fenda. Kwa hiyo jaza watu kwanza, kata usukani mpaka mwisho kulia, mwisho kushoto, rudi nyuma ukiwa umekata, af ndo ulipe. Na usishawishike kwenda 215/65R15, hapo umezidi asilimia 4, hiyo hapana. Kama unachotaka ni kimo cha gari ongea na fundi wa springi.

Swali (Morogoro): Bro nina Hiace ya abiria. Tairi za zamani ziliandikwa 195/80R15 107/105L LT. Dukani nimepewa 195/80R15 96S kwa bei poa, jamaa ananiambia saizi ni ileile na hii spidi yake ni kubwa zaidi. Nimefunga nne. Niko sawa?

Jibu: Hapana kaka, na ningekuwa na namba yako ningekupigia sasa hivi. Jamaa hajakudanganya kwenye saizi, zinalingana kweli, zitaingia kwenye rimu na gari itatembea vizuri tu. Tatizo liko kwenye zile namba za mwisho. 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, ile 105 inayofuata ni kilo 925 pale tairi zinapofungwa pacha. 96 ni kilo 710. Umepoteza kilo 265 kila kona, kwa nne ni kilo 1,060, yaani zaidi ya tani moja uwezo umeondoka na gari kwa macho iko vilevile. Hizo 96S ni saizi ya gari kama Suzuki Jimny Sierra, gari ya watu wanne na begi zao, wewe unapakia watu wamebanana na magunia juu.

Hiyo spidi anayokusifia nayo ni kweli, S ni 180 na L ni 120, lakini Hiace iliyojaa inaenda wapi na 180?

Tairi iliyozidiwa mzigo haipasuki siku hiyohiyo, ndo ubaya wake. Inajikunja ubavuni kila mzunguko, inapata joto, raba ya ndani inaanza kusagika. Nimewahi kuivua moja ya hivyo, nje mpya kabisa, vinyweleo vya kiwandani bado viko, nilipoibandua kwenye rimu ukamwagika unga mweusi, nusu kiganja, huo ndo ubavu wenyewe umesagwa. Tairi ile ilikuwa imebakiza safari moja au mbili na ndani ya gari walikuwa wanapanda watoto wa shule. Rudisha zote nne hata kama utakatwa hela, dai LT au yenye C, yaani za gari za mzigo, namba 107. Na mpaka ubadilishe tafadhali usipakie.

Swali (Nairobi): Forester yangu, naweza kuweka mbili mpya mbele zile za zamani zikae nyuma?

Jibu: Kama ni ile inayovuta miguu yote, usifanye. Tairi iliyolika ina kimo kifupi kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi, mbele na nyuma zinavutana muda wote na anayeumia ni difu ya kati, ambayo bei yake inapita tairi zote nne. Nunua nne kwa pamoja, saizi moja, aina moja.

Swali (Tanga): Nimeuziwa tairi "mpya", kashata zote zipo, ila mwisho wa maandishi ya DOT kuna 1214. Ni nini hiyo?

Jibu: Imetengenezwa wiki ya 12, mwaka 2014. Haijatembea lakini imezeeka dukani, ikunje kidogo uangalie katikati ya kashata kama kuna vinyufa vyembamba kama nywele. Mimi nisingeifunga, rudi na risiti. Ukiona namba nne hazipo upande huo geuza tairi, mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu.

Swali (Dodoma): Mkonga wangu (Land Cruiser) unatumia 7.50R16 za tyubu, nataka tyubulesi, zisizo na tyubu. Nichukue ipi?

Jibu: Hiyo 7.50 ni upana kwa inchi, usitafute asilimia haipo. Inayolingana nayo kwa kimo ni 235/85R16, kama milimita 806. Ila kama rimu zako ni zile za pete, ambazo ukingo wake unafunguka, tyubulesi haitashika upepo hata siku moja, itabidi ubadilishe na rimu. Nitumie picha ya rimu kabla hujalipa.